Mjane wa Mtu Hai

Nyinyi mnaobishana tangu wiki iliyopita kama maiti ile ni ya fundi bomba au si yake, sogeeni karibu. Tulimwacha mke wake, mpiga pasi wa duka la dobi, amesimama mochwari na ncha ya shuka mkononi. Nyuma yake kasimama kachero ambaye mji mzima unamwita Bwana Mpole, kwa sababu hajawahi kupaza sauti, hata pale anapomng'oa mtu kucha.

"Funua, mama," alisema Bwana Mpole. "Taratibu tu. Hatuna haraka."

Akafunua.

Uso haukuwepo. Risasi zilikuwa zimeupondaponda, hapakuwa na pua wala jicho. Lakini ovaroli ya buluu aliijua. Kiraka cha goti alikishona yeye mwenyewe, na juzi tu aliipiga pasi huku mumewe akimcheka: "Nani kakwambia nguo ya kuingilia mtaroni inapigwa pasi?"

Ndiye. Amekwisha.

Halafu akaona mkono.

Mikono ya fundi bomba haifichiki. Kutu imekaa kwenye mikunjo, makovu ya koleo hayana idadi, na kucha za mumewe zilikuwa nyeusi hata siku ya harusi. Mkono uliolala pale ulikuwa laini. Kucha zilikuwa safi, na kwenye dole gumba palikuwa na sugu ndogo, mahali pa mkasi.

Mkasi! Huyu si mume wangu. Huyu ni kinyozi!

Kinyozi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Yule aliyewanyoa makachero wa Mkuu wa nchi miaka nenda miaka rudi, wao wakipiga soga chini ya wembe wake, yeye akiyabeba yote na kumpelekea fundi bomba. Na fundi bomba akiyatawanya mjini kwenye makaratasi aliyoyaviringisha ndani ya mabomba yake. Siku moja mpiga pasi alimtania: "Hivi shemeji, hujawahi kutamani mkono uteleze kidogo?" Kinyozi akacheka mpaka akaketi. "Nikimchinja mmoja, nani atakuja kunisimulia tena?"

Sasa alielewa kilichotokea sokoni. Watu walisema fundi bomba alizingirwa ndani ya duka la vyombo, akachomoka mlango wa mbele, wakammiminia risasi. Kumbe aliyechomoka mbele alikuwa kinyozi, ndani ya ovaroli ya rafiki yake. Mwenye ovaroli alitoka nyuma.

Akisema si yeye, msako unaanza upya dakika hiyohiyo.

"Vipi, mama?"

"Ni yeye."

"Una hakika? Maana nimekuona unatazama mikono. Wake za watu hutazama uso."

"Uso mmeuacha wapi, bwana?"

Bwana Mpole alitabasamu. Akamrudishia maiti shuka hadi kifuani, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Basi nitajie alama moja mwilini mwake. Tuifungue hii ovaroli tuione pamoja, roho zetu zitulie."

Hapo mpiga pasi alipigwa na butwaa. Mwili wa kinyozi angeujulia wapi? Akitaja kovu lisiwepo, kwisha. Akisema hana alama likaonekana kovu, kwisha vilevile.

"Mume wangu hakuwa ng'ombe," alisema, "hakuwekwa alama."

"Vizuri. Basi tumwulize aliyemzaa."

Mlango ukafunguliwa, akaingizwa mama mkwe.

Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye mpiga pasi hakumtaka pale, ni huyo. Kikongwe mwembamba, ulimi kama msumeno. Tangu mpiga pasi aolewe bila kushika mimba, mama mkwe hajamwita kwa jina jingine ila Mti Mkavu. Na sasa huyu mama ataona kwamba si mwanawe, atapiga vigelegele vya furaha, na vigelegele hivyo ndivyo vitakavyomwua mwanawe.

Kumkonyeza haiwezekani. Bwana Mpole alikuwa amejisimamisha katikati yao makusudi.

Mama mkwe hakuangalia uso wala mikono. Alianzia miguuni. Akaushika mguu wa kulia, akaupandisha mguu wa ovaroli, akapapasa muundi. Palikuwa na kovu refu, jeupe.

"Yarabi, kovu hili!" alipiga yowe. "Kovu hilihili! Nilimwambia asicheze kwenye shimo la chokaa, akaingia! Tangu utotoni hasikii! Nilikwambia ukae mbali na mambo ya wakubwa, ukasikia wewe? Ukasikia?" Akawa anaupigapiga ule mguu uliokufa, machozi yanamchuruzika.

Bwana Mpole aliinama akalitazama kovu. Akaridhika.

"Poleni sana," alisema. "Mtapewa jeneza na gari. Nataka msiba mkubwa. Kila aliyempenda aje amlilie, asizuiwe mtu. Mimi mwenyewe nitakuja kukaa nanyi."

Mpiga pasi alibaki ameduwaa. Mumewe hana kovu hata moja muundini! Akaona basi, uchungu umemtia mama wa watu wazimu, kalilia kovu la mtoto wa mwenzake.

Ndani ya gari la polisi waliketi bega kwa bega, jeneza miguuni pao. Gari lilipoanza kunguruma, kitu kikambana pajani kama koleo. Vidole vya mama mkwe.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Usinifanye mjinga, wewe Mti Mkavu. Mwanangu ana miguu ya bata kama baba yake. Huyu ana miguu ya mwanamume. Lia, wanatutazama!"

Wakalia wote wawili kwa sauti. Kilio kilipokolea mpiga pasi akanong'ona, "Sasa ulijuaje kama nimedanganya?"

"Nilipoingia nilikutazama. Wewe ukilia kweli hutoka kamasi. Leo ulikuwa mkavu."

Na kwa mara ya kwanza tangu waitane mkwe, kikongwe akamshika mkono. Hakuuliza maiti ni ya nani, naye mpiga pasi hakumwambia.

Saa za mchana ua wa fundi bomba ulikuwa umejaa. Jeneza lilikuwa limewekwa kwenye meza, kifuniko kimepigwa misumari. Karibu na dirisha, kwenye kiti kizuri kuliko vyote nyumbani, alikaa Bwana Mpole na kikombe cha chai, anamwitikia pole kila anayempa pole kama ndiye kaka wa marehemu.

Na ile chai ilichemshwa na nani? Na mke wa kinyozi.

Ndiye aliyekuja wa kwanza. Kajifunga khanga kiunoni, kawasha moto, kafagia, kaosha vikombe. Kila mpiga pasi aliponyanyuka, yeye alimkalisha.

"Dada, tulia. Leo hugusi kitu. Wewe ungenifanyia mimi."

"Ahsante," alisema mpiga pasi.

"Na mume wangu mimi alivyo na bahati mbaya! Kaondoka kufuata nyembe, hata habari sijui kama zimemfika. Angekuwepo, jeneza hili angelibeba mbele, hakuna wa kumwondoa. Hao walikuwa zaidi ya ndugu." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Akirudi nitamwambiaje?"

Mpiga pasi alitamani ardhi ipasuke. Huyu mwanamke ametiwa masizi na moto wa msiba wake mwenyewe! Lakini pale dirishani kikombe kilikuwa kinatua kwenye kisahani, taratibu, na macho yalikuwa juu yao.

Baadaye, alijiambia. Tukishazika, mume wangu akishavuka mpaka, nitampigia magoti nimwambie. Acha kwanza mmoja apone.

Ndipo alipoingia fundi saa.

Mzee mmoja mtulivu, mgongo umepinda kwa kuinamia saa za watu. Makachero walimchukulia kama kipofu. Kumbe ndiye aliyeshika funguo za kundi zima linalompinga Mkuu. Yeye ndiye aliyejua nani ajifiche wapi, nani avushwe lini. Mpiga pasi alikuwa amempelekea saa mbovu mara nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa mbovu.

Akamwinamia kumpa mkono wa pole. Mpiga pasi alinyanyuka, akajishika mdomo kama anayetaka kutapika kwa kulia, akaelekea nyuma ya jiko penye ndoo za maji. Mzee akamfuata na leso.

"Pole, shemeji. Alikuwa chuma. Usihofu, tumeshafanya linalofanywa."

"Mmefanya nini?"

"Lile la siku zote. Mwenzetu akifa, mlango wake unafungwa. Akitokea mtu kugonga kwa namna ya marehemu, huyo si mtu, ni chambo cha hao jamaa. Maana huenda walimbana marehemu kabla hajafa, akawaambia anavyogonga. Ghalani nimeweka vijana wawili. Jua likizama, atakayegonga kwa namna ya mumeo hataona kesho."



Ghalani! Huko ndiko mumewe alikoambiwa aende jua likizama, mambo yakiharibika. Mumewe mwenyewe alimwambia hivyo kitandani, kwa mdomo wake. Mke kamwua kwa maneno ili makachero wasimwue. Sasa wenzake mwenyewe wanamngoja na visu!

"Na kama ni yeye mwenyewe anayegonga?"

"Wafu hawagongi milango, shemeji."

Jua lilikuwa limekwisha kuinama. Hapakuwa na nafasi ya kuchagua maneno. Alimsogelea mzee sikioni.

"Nimemdanganya Bwana Mpole. Mume wangu mzima. Aliyelala mle ni kinyozi."

Lakini mzee hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama nyuma ya bega lake.

Mpiga pasi akageuka.

Mke wa kinyozi alikuwa amesimama pale na birika tupu. Alikuja kuchota maji.

"Umesema nani?"

"Dada..."

"Nimesikia vibaya. Sema tena."

"Dada yangu, nisikilize kwanza."

Hakusikiliza. Aliliweka birika chini kwa uangalifu, kama lina chai ya moto. Akapita kati ya watu, wakimpisha wakidhani anakwenda kukusanya vikombe. Akafika penye jeneza. Akaweka viganja viwili juu ya kifuniko, akaviendesha taratibu toka upande wa kichwa hadi upande wa miguu, kama anayempima mtu urefu.

Halafu ikamtoka sauti ambayo ua mzima haukuwahi kuisikia.

"Mume wangu! Jamani, mume wangu!"

Vichwa vyote viligeuka.

Bwana Mpole akaweka kikombe chini. "Mume wa nani?"

Kabla mtu hajavuta pumzi, kikongwe mwembamba aliruka kutoka mkekani kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Umesema mume wako?" alifoka mama mkwe. "Mume wako mwanangu? Kumbe zile nywele alizokuwa akienda kunyolewa kila mara, mnyoaji ulikuwa wewe! Huna haya! Mpaka mbele ya jeneza, mbele ya mke wa ndoa!"

Akamnasa kofi. Kofi la kweli, si la mchezo.

Ua ukalipuka. "Haa!" "Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kufika!" "Na mumewe maskini kageuza mgongo tu!" Mwanamke mmoja akatema mate, mwingine akamvua ile khanga ya kiunoni na kuitupa.

Mpiga pasi alielewa. Mama mkwe naye alikuwa ameelewa, katika muda wa kofi moja, maiti ni ya nani. Na alikuwa amekwisha kuchagua. Alikuwa amemtupa mwana wa mwenzake na mke wa mwana wa mwenzake motoni, ili mwanawe apone. Machozi yalikuwa yanamtoka na mkono bado uko juu.

Mke wa kinyozi alijishika shavu. Akamtazama kikongwe. Akamtazama mpiga pasi, akamtazama sana, mpaka mpiga pasi akainamisha macho. Mwisho akamtazama Bwana Mpole.

Alihitaji neno moja tu. Aseme "kinyozi", basi.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa naye. Nilimpenda kuliko nyinyi wote mnaomlilia hapa."

Wanawake wakaguna. Bwana Mpole akacheka kidogo puani, akasimama, akajipangusa suruali.

"Mambo ya dunia," alisema. "Mke huambiwa ya sokoni. Hawara huambiwa ya moyoni. Nami siku nyingi natafuta mtu aliyeambiwa ya moyoni. Dada, gari liko nje."

Mpiga pasi alisogea hatua mbele. Mama mkwe akamshika nguo kwa nyuma.

"Nitakuja," alisema mke wa kinyozi. "Nitakwambia kila ninachokijua, bwana, wala hutanigusa hata ukucha. Lakini nikishamzika."

Bwana Mpole alifikiri. Aliwatazama watu waliojaa, akawatazama makachero wake getini.

"Mzike," alisema. "Waniite mpole bure?"

Jeneza likanyanyuliwa. Katika msukumano ule fundi saa alipenya pembeni, mgongo wake uliopinda ukapotea kwenye kichochoro. Ghalani ni mbali, na mzee hana miguu ya kukimbia. Mpiga pasi hakuweza hata kugeuza shingo kumtazama.

Makaburini mpiga pasi alisimama mbele, mahali pa mjane. Mke wa kinyozi alisimama peke yake. Watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote kama mwenye ugonjwa. Kibao kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Jina la fundi bomba. Kinyozi angelala chini ya jina la mtu mwingine, na siku ndugu zake wakitaka kumwombea, watamwombea hewani.

Ilipofika zamu ya kutupia udongo, mke wa kinyozi alikuja akapiga magoti ubavuni pake. Wanawake wakanong'onezana, "Anathubutu!"

"Nisamehe," alinong'ona mpiga pasi.

"Alikufaje?"

"Alivaa ovaroli ya mume wangu. Akatoka mbele ili wangu atoke nyuma."

"Nani aliyemwomba?"

"Sijui, dada. Naapa sijui."

"Mimi najua. Hakuna aliyemwomba. Huyo ndivyo alivyo." Aliuchukua udongo, akaufikicha mkononi mpaka ukawa vumbi, akauachia. "Tangu asubuhi nimelia machozi ya jirani. Nimeyamaliza yote, dada. Ya kwangu nitayalia wapi, na lini?"

Mpiga pasi alichota udongo wake, akautupia.

"Na wako yuko hai," alisema mwenzake. Haikuwa swali.

Udongo ukashuka. Wanaume walivua mashati, wakafukia kwa kupokezana, wakicheka kwa siri juu ya fundi bomba na bahati zake. Mpiga pasi aliwaombea wachoke. Aliomba mpini wa koleo uvunjike, mvua inyeshe, kaburi liporomoke wafukue upya. Mzee asogee hatua nyingine kuelekea ghalani, jua lishikwe lisizame, na huyu mwanamke aliye pembeni yake abaki ana kitu cha kuzika.

Lakini kaburi hujaa. Waliushindilia udongo kwa migongo ya makoleo, wakachomeka kibao, watu wakaanza kuondoka.

Karibu na gari Bwana Mpole alikuwa amefungua mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe.

Mke wa kinyozi alisimama. Akapangusa magoti, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Akakisogelea kibao, akalisoma lile jina kwa sauti ndogo, silabi kwa silabi. Akamgeukia mpiga pasi. Usoni hapakuwa na chozi, wala chuki, wala kitu chochote ambacho mtu angeweza kukisoma. Mama mkwe alimnyooshea mkono. Akaupita kama haukuwepo.

Akatembea mpaka garini, asiharakishe, asiburute miguu.

"Nimeshazika, bwana," alisema. "Sasa niulize."